Aliyeazima Wahusika Hakuiba Hadithi

Imeenea dhana, na kila ienapo hupata watetezi wapya, kwamba mtu atungaye hadithi kwa kuwatumia wahusika waliokwisha kubuniwa na mwingine si mwandishi, bali ni mvivu aliyeikimbia kazi ya kubuni, au mwizi asiye na haya, au, kwa kauli ya wale wenye huruma, ni mtoto anayecheza kabla hajaanza kuandika kwa kweli. Dhana hii huwaelemea zaidi wale watungao hadithi juu ya watu wa anime, filamu zile za katuni za Kijapani ambazo vijana wetu huzitazama hata usiku wa manane. Kwani kwa watu wazima walio wengi katuni ni jambo la watoto, na hadithi iliyozaliwa na katuni huonekana duni mara mbili. Mimi ni mmoja wa watungaji hao. Sijapata kulipwa hata senti kwa hadithi zangu, wala sitaraji kulipwa. Na nasema kwa yakini kwamba dhana hiyo ni batili, na kwamba aghalabu wanaoishikilia hawajapata kuijaribu kazi wanayoihukumu.

Katika Fullmetal Alchemist, manga, yaani hadithi ya vibonzo, ya Hiromu Arakawa iliyotoka kwa mfululizo tangu 2001 hadi 2010, na ikafanywa anime, yumo afisa wa jeshi aitwaye Maes Hughes, mtu mcheshi asiyechoka kuwaonyesha wenzake picha za binti yake mdogo. Bwana huyu huuawa penye kibanda cha simu na adui aliyejigeuza akavaa sura ya Gracia, mke wake mwenyewe. Na siku ya maziko mtoto yule huuliza kwa nini wanamfukia baba yake ilhali ana kazi nyingi za kufanya. Kisa kikashika njia yake, kama ilivyopasa, maana kilikuwa na vita na siri za dola za kusimulia. Lakini mjane alibaki nyuma, na mimi nikabaki naye. Nilitaka kujua siku zile za matanga alizipitishaje: nani aliyemsaidia kukunja sare za marehemu, alimjibu nini mtoto aliyekuwa akiusikilizia mlango kila jioni, na kama moyoni mwake palikuwa na hasira juu ya marafiki wa mumewe waliokuja na taadhima zote za kijeshi wasije na maelezo.

Anayedhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi kwa kuwa Gracia amekwisha kuumbwa, na aijaribu. Mtu aliyembuni mhusika wake mwenyewe, maneno yakigoma kukaa kinywani mwa mhusika huyo, humbadilisha hulka, au umri, au hata humwondoa kisani, na hakuna wa kumshitaki. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo. Wasomaji wangu walimjua Gracia kabla ya kunijua mimi, wakiisikia sauti yake masikioni mwao, na neno moja lisilo lake wangelitambua papo hapo. Kwa hiyo, nilipotaka mwanamke yule mpole apandishe sauti mara moja tu, ilinibidi nimtengenezee sababu tangu ukurasa wa kwanza, kidogo kidogo, mpaka ukali wake uwe ni jambo ambalo msomaji angeona ajabu kama lisingetokea. Tena sikuweza kumjulisha lile ambalo kila mtazamaji amelishuhudia, yaani kwamba sura ya mwisho aliyoiona mumewe duniani ilikuwa ni sura yake yeye. Ilinilazimu niandike kisa kizima siri hiyo ikiwa imekaa baina yangu na msomaji, naye Gracia akipika, akifua, akimlaza mtoto, hana habari. Nidhamu hiyo ya kunyamaza sikuipata katika kitabu chochote cha mafunzo ya uandishi.

Na wale wanaosema kwamba hadithi ya mtu ina njia moja tu, ile aliyoichora mwenyewe, wazingatie yaliyoipata kazi hiyo hiyo. Studio ya Bones ilipoifanya anime mara ya kwanza, mwaka 2003, manga ilikuwa bado haijakamilika, basi filamu ikaachana nayo na kwenda kwenye mwisho wake yenyewe. Na mwaka 2009 studio ile ile ikaanza anime ya pili, iliyoifuata manga. Watu wale wale wameishi maisha mawili, na yote mawili yana wapenzi wake. Waandishi wa ile ya kwanza hakuna aliyewaita wavivu. Tofauti baina yao na mimi ni mkataba, na mkataba ni jambo la haki na malipo. Haujapata kuwa kipimo cha ufundi.

Huko Japani kwenyewe mambo haya si mageni. Kisa cha wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao kilifanywa mchezo wa vikaragosi mwaka 1748, ukaitwa Kanadehon Chushingura. Na mwaka 1825 Tsuruya Nanboku, mtunzi wa michezo ya jukwaani ya kabuki, akaingia katika kisa hicho hicho, akamtoa mtumishi mmoja wa nyumba ile ile, mtu muovu asiyejiunga na kisasi, akaandika juu ya dhuluma aliyomtendea mkewe Oiwa, na mzuka wa mke huyo uliomwandama. Michezo hiyo miwili ilipoonyeshwa pamoja mara ya kwanza, ilisukwa kwa zamu katika muda wa siku mbili, ushujaa ukipakana na uovu. Nanboku aliukuta ulimwengu umekwisha kujengwa, akaona mlango ambao hakuna aliyeufungua.

Na desturi hiyo haijafa: tangu Desemba 1975 hufanyika Tokyo soko liitwalo Comiket, ambako watungaji wa ridhaa huuziana vijitabu vyao, na vingi vyavyo ni vya wahusika wa kuazima. Na kabla ya maradhi ya korona soko hilo lilikuwa likihudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu kwa msimu mmoja. Hata Hideaki Anno, mtengenezaji wa anime ya Evangelion, alipokuwa kijana alitengeneza pamoja na wenzake filamu isiyokuwa rasmi ya Ultraman, shujaa wa televisheni, mwaka 1983, naye mwenyewe akawa ndiye Ultraman. Na 2022 ikatoka filamu rasmi ya Ultraman aliyoiandika yeye. Walakini sipendi kuitetea kazi yetu kwa hoja ya kuwa ni maandalizi ya kazi nyingine. Aliyetunga hadithi moja njema juu ya Gracia, asiandike tena mpaka kufa, ametunga hadithi njema.

Juu ya wizi nitasema kwa insafu. Fujiko F. Fujio alifariki mwaka 1996 bila ya kuipa manga yake ya Doraemon mwisho wa kukata. Baadaye mchoraji mmoja asiye rasmi akauchora mwisho huo katika kijitabu kilichofanana mno na vile halali, akauza maelfu ya nakala, wasomaji wakadanganyika, na mwaka 2007 akaomba radhi na kulipa sehemu ya faida. Wenye mali walikuwa na haki. Lakini tazama kosa lilikuwa nini: ni biashara, na ni kujifanya halisi. Na sheria ya Japani ya hakimiliki, iliporekebishwa mwaka 2018 ili baadhi ya makosa yaweze kushitakiwa bila ya mwenye mali kulalamika, ilipangwa kwa makusudi isiwaguse watungaji wa namna yetu.

Linalonishangaza zaidi ni kuisikia dhana hii kwa Waswahili, watu wa takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alizichukua beti za Liongo, akaitanguliza kila mistari miwili kwa mitatu yake mwenyewe, na hadi leo tunaihesabu kazi hiyo kuwa fakhari ya lugha. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad, mtu aliyeishi na kufa, na bibi zetu wakamtia katika visa ambavyo hakuvijua kabisa. Hatukuuliza wahusika hao wameumbwa na nani.

Nyingi katika hadithi zetu ni mbaya, sikatai, na riwaya nyingi pia ni mbaya. Kwa hiyo nawasihi walimu wa fasihi na wahariri: kijana akikuleteeni hadithi juu ya mtu wa anime, msimrudishe akabuni wake kwanza. Isomeni mpaka mwisho. Ikiwa imeharibika, mwonyesheni ilipoharibikia, na ikiwa ni njema, mwambieni hivyo, pasipo neno "lakini".