Pawa saplai ya bei ya kutupa itakula kompyuta yako ya gemu

Umeweka akiba miezi sita. Vibarua vya hapa na pale, pesa alizokutumia shangazi, na sasa unashuka Luthuli Avenue, Nairobi, ukiwa na orodha kwenye simu: prosesa, kadi ya grafiki, RAM, SSD, kasha la kioo lenye taa za kuwakawaka. Mwisho kabisa umeandika, "pawa saplai yoyote."

Hilo neno "yoyote" ndilo limenifanya niandike.

Najua linavyokuja. Pesa zinakaribia kuisha, muuzaji anakuonyesha kijisanduku kilichoandikwa "600W" kwa maandishi makubwa, bei poa. Unajiambia, kwani kazi yake si kuleta stima tu? Hata mimi nilijiambia hivyo. Wiki ya tatu, katikati ya mechi, nikasikia mlio kama wa fataki, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Iliondoka na bodi kuu. Nilikuwa nimeokoa Sh3,000.

Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, volti 240 hapa kwetu, na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo walafi wakubwa, hutegemea ule wa volti 12. Kwa hivyo achana na nambari ya mbele. Geuza sanduku, soma kibandiko, tafuta palipoandikwa +12V, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Yangu ilikuwa na ampea 18. Hizo ni wati 216, ndugu yangu, kwenye kitu nilichouziwa kama cha wati 600!

Sasa piga hesabu. Kadi ya RTX 3060 peke yake hutumia hadi wati 170 hivi. Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, na ikibanwa na kazi huzidi hapo. Tayari umepita 216, na hujagusa feni wala diski. NVIDIA wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo.

Mabeste watakuambia utafute alama ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold. Sawa, lakini alama hiyo hupima kiasi cha umeme kinachofika kwenye mashine bila kupotea kama joto. Haikuhakikishii kuwa kifaa kitajizima stima ikizidi au nyaya zikigusana. Uliza kuhusu kinga hizo. Na kwa kuwa kibandiko mtu yeyote anaweza kuchapisha, tafuta modeli yenyewe mtandaoni kabla ya kulipa.

(Ukiona kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230, hakikisha kiko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. La sivyo utausikia ule mlio wangu.)

Utaniambia si kila mtu ana pesa za kifaa kizuri. Kweli, na ndiyo maana sikuambii ununue cha wati 1,000. Anayekusukumia hicho kwa kompyuta kama hii anakula pesa zako vilevile. 550 au 650 za kweli zinatosha. Ninachopinga ni mahali unapobana. Kadi ya grafiki ya mtumba ikikusumbua, umepoteza kadi. Pawa saplai mbovu ikifa, inaweza kufa na kila ilichokuwa ikikilisha. Nzuri huja na waranti ya miaka mitano, saba, hata kumi, na utahama nayo hadi kompyuta yako ijayo.

Acha kasha la kioo kwanza. Langu ni la bati, nilipewa bure na jamaa aliyekuwa akihama, na upande mmoja hauna hata skrubu. Ndani kuna pawa saplai mpya ya wati 650, na mtaani kwetu stima hupotea karibu kila wiki. Bado nacheza.