Rudisheni Anwani za Watu!

Leo nina hasira jamani, na sitaificha.

Panda matatu ya 58 jioni kuja huku kwetu Buruburu. Utakuta sweta juu ya kiti. Ukiuliza, unaambiwa, "Kuna mtu." Mtu mwenyewe haonekani. Kiti kitupu, na wewe umesimama. Kuna waandishi wa programu wanaofanya hivyo hivyo na kumbukumbu ya kompyuta, halafu wanajisifu kwamba kazi yao ina kasi.

Mwezi uliopita, mzee mmoja mwenye duka la vipuri alinipigia: "Kijana, mashine yako imegoma tena." Kila ikikaribia saa tisa, programu niliyomwandikia ya kuhesabu mali ililia kwamba kumbukumbu imeisha. Kuangalia Task Manager: RAM ni GB 8, zaidi ya nusu haina kazi. Basi kilichoisha ni nini?

Ni anwani. Kwa kawaida programu ya biti 32 kwenye Windows hupewa GB 2 za anwani, hata uongeze RAM namna gani. Maktaba niliyotumia ina kigawa kumbukumbu chake yenyewe. Kila nilipoingiza orodha ya bidhaa, thredi mpya ilishika kipande cha MB 64. Kazi ikiisha, kigawa kiliita VirtualFree kwa MEM_DECOMMIT: RAM ikarudi, anwani zikabaki mikononi mwa thredi iliyokwisha kufa. Piga hesabu mwenyewe: GB 2 ni vipande 32 tu, na bado DLL zinataka pa kukaa. VMMap ilinionyesha masweta matupu, mstari baada ya mstari.

Watetezi wao husema kurudisha anwani kunapunguza kasi. Kuita kerneli kila mara ni gharama, nakubali. Basi weka akiba vipande viwili, vingine achilia. Wengine wanasema, "Hamia biti 64, kuna anwani TB 128." Vizuri, lakini DLL ya printa ya risiti ya mzee ni ya biti 32, na haiingii katika programu ya biti 64. Nani atamnunulia printa?

Dawa yenyewe si uchawi. Ita VirtualFree kwa MEM_RELEASE, ukitaja mwanzo wa kipande na ukubwa sifuri. Ukiandika ukubwa mwingine, inakataa. Kumbuka kipande hutoka kizima: kitu kimoja kidogo kikibaki hai ndani, MB 64 zote zimekwama. Kwa hivyo shika vipande vidogo. Kwenye Linux, munmap hukubali kukata hata sehemu.

Kwa bahati nzuri msimbo wa maktaba uko wazi, nikabadilisha mistari michache. Sasa mzee anafunga duka bila kunipigia.

Ukishuka, ndugu, chukua sweta lako.