Mwenye shangingi alipe nini?

Jumatano, saa nne usiku

Wiki hii majaribio yamebana kweli, ila kuna hoja imenikaa kooni tangu juzi na nisipoitoa nitashindwa hata kusoma. Ni hii habari ya magari makubwa na tozo zake.

Tulikuwa kwenye kimbweta, mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu akasema ada ya mwaka ya magari irudishwe, wenye mashangingi wakome. Mwingine akadakia: kwani sisi wa kugombea daladala yanatuhusu nini hayo? Mi naona yanatuhusu sana, pengine kuliko wenye magari yenyewe, maana moshi tunavuta sisi tuliosimama kituoni. Lakini hiyo ya kurudisha ada kama ilivyokuwa, hapana. Ngoja nieleze.

Kwa wasiokumbuka: Tanzania tulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, iliyopangwa kwa ukubwa wa injini. Gari iwe inatembea au iko juu ya mawe uani, ada inahesabiwa tu. Kwenye bajeti ya Juni 2017, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akaifuta. Badala yake ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukapanda kwa shilingi 40 kila lita. Mwaka 2023 ikaja tena tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli.

Kulipia kwenye pampu mimi naunga mkono. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, ya dizeli kama kilo 2.7. Sasa tuseme Vitz inakula lita 6 kwa kilomita 100, na shangingi la dizeli linakula lita 14 kwenye foleni za mjini. Kila moja ikitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, Vitz imechoma lita 600, shangingi lita 1,400. Hewa ukaa: kilo 1,380 kwa kilo 3,780. Kwa zile shilingi 40 peke yake, Vitz imelipa 24,000 na shangingi 56,000. Anayechafua zaidi analipa zaidi, na anayeacha gari nyumbani akapanda mwendokasi halipi kitu. Ada ya mwaka ilikuwa haiwezi kufanya hivyo hata siku moja.

Basi tatizo liko wapi? Naona liko sehemu tatu.

Kwanza, mafuta ya taa. Bibi mwenye koroboi kijijini hana gari, hajawahi kuwa nayo, lakini mwaka 2017 naye aliwekewa shilingi 40 kufidia ada ya magari. Najua kuna hoja ya uchakachuaji, kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi watu wanachanganya kwenye dizeli. Sawa. Ila kumlipisha asiye na gari ili kumdhibiti tapeli wa sheli, jamani, hiyo si haki.

Pili, na hapa ndipo panaponiuma, ni mashangingi ya ofisi, ya serikali na ya miradi ya wafadhili. Tozo ya mafuta inafanya kazi pale anayeendeshwa anapoingiza mkono mfukoni mwake. Bosi wa kiti cha nyuma haingizi. Mafuta yanalipwa na ofisi, na ofisi inalipwa na kodi za watu, wakiwemo hao wanaobanana kwenye Coaster. Bei ipande isipande, injini itaunguruma masaa mawili nje ya ukumbi wa semina ili kiyoyozi kisikate. Na semina yenyewe unaweza kukuta ni ya mabadiliko ya tabianchi!

Tatu, pampu haipimi uzito wala nafasi. Land Cruiser V8 ina tani mbili na nusu na zaidi, Vitz kama tani moja. Boneti refu likimgonga mtoto wa shule linampiga kifuani na kichwani, si miguuni. Hilo halimo kwenye bei ya lita.

Wenzetu wamejaribu. Paris walipiga kura Februari 2024, na kuanzia Oktoba mwaka huo mgeni mwenye gari la petroli au dizeli la tani 1.6 kwenda juu akaanza kutozwa euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya jiji, badala ya 6. Kenya nao mwaka huohuo walipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 za kwao wala kuzidi 100,000. Ebu piga hesabu: 100,000 ni asilimia 2.5 ya milioni 4. Mwenye gari la milioni 20 angelipa hiyohiyo 100,000, yaani asilimia 0.5 tu! Wa kati anabanwa sawasawa, tajiri anawekewa dari. Pendekezo lilitupwa Juni 2024, na mimi silililii.

Kuna wa kuniuliza: we mwalimu mtarajiwa, ukipangiwa Ludewa masika utafika na Vitz? Sitafika. Gari la wagonjwa, la mganga wa wilaya, la mkaguzi wa shule za milimani, hayo yawe makubwa na wala sina neno. Ninalosema ni la kutoka Mikocheni kwenda Posta, lami mwanzo mwisho, mtu mmoja na dereva wake.

Maoni yangu basi: tozo ya mafuta ibaki, mafuta ya taa yatolewe kwenye hesabu za magari, magari mazito ya mijini yalipie maegesho kwa uzito bila dari, na kila taasisi ya umma ibandike hadharani kila mwaka ina mashangingi mangapi na yamekunywa lita ngapi. Hili la mwisho halihitaji hata sheria ngumu, ni karatasi moja ukutani. Kila lita 1,400 zikisomeka pale, watu wataanza kuulizana ni madawati mangapi hayo.

Haya, anayepinga aje na hesabu zake, asije na matusi. Usiku mwema, nimebakiza sura mbili za saikolojia ya elimu.