Mzula sio urembo, ndugu yangu

Kila mwaka vijana wetu wanaokwenda kusoma Marekani hupewa ushauri uleule: nunua koti moja zito, inatosha. Wengine huongeza kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani, kwa hiyo ukishavaa kofia umemaliza kazi. Jamani, ushauri huo ni nusu kweli, na kule Minnesota nusu kweli inaweza kukugharimu kidole.

Tuanze na kichwa. Kwa mtu mzima, kichwa ni takriban asilimia 10 tu ya eneo la ngozi, na joto linalopotelea hapo halizidi sana kiwango hicho. British Medical Journal liliukanusha uvumi huu tangu 2008. Sasa mbona bado nang'ang'ania mzula? Masikio! Masikio, pua na vidole ndivyo huganda kwanza, maana mwili ukizidiwa na baridi hupunguza damu huko pembeni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Kapelo, hata iwe ya bei mbaya vipi, haifuniki masikio. Kama umesuka au una rasta, tafuta mzula mpana unaoshuka vizuri.

Halafu kuna upepo. Baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukavuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Huo ni muda wa kusubiri basi lililochelewa. Tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, upepo haujahesabiwa.

Kwa hiyo vaa nguo juu ya nguo. Ndani kabisa iwe nguo ya kubana ya sufu au polyester, sio fulana ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza. Juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Glovu zinazoweka vidole vinne pamoja hushinda zile za kidole kimoja kimoja. Viatu visibane ukishavaa soksi nzito. Na hela isiwe kisingizio: makoti ya huko huko hutufikia kwenye marobota ya mitumba, nenda Karume au Gikomba kachambue.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu. Tena maelezo mengi hukwambia uangalie ngozi ikibadilika kuwa nyekundu au nyeupe, kitu ambacho kwenye ngozi zetu si rahisi kukiona. Wewe tegemea ganzi. Ukiona husikii kidole, ingia ndani. Usikisugue wala usikisogeze kwenye moto. Kitie kwenye maji ya vuguvugu, na kisiporudi hali yake, wahi hospitali.

Wakikucheka kwamba umevaa kama kabichi, waache wacheke. Kapelo utavaa Julai.