Wahusika Wasio na Miujiza

Walimu wengi wa sayansi huyahesabu majarida ya katuni za mashujaa kuwa adui wa somo lao, na aghalabu jarida likikutwa chini ya dawati huishia katika kabati la mwalimu wa zamu. Mwandishi wa makala haya ana maoni tofauti. Majarida ya namna hiyo mara nyingi huwa na sehemu mbili, na hapana budi zitofautishwe. Iko hadithi kuu, ambayo shujaa wake hupamba jalada. Na iko hadithi ya nyongeza, kurasa chache za nyuma wanamopewa nafasi wahusika wasiojulikana sana. Hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi darasani.

Desturi hiyo ni kongwe. Toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka Marekani mwaka 1938, linakumbukwa kwa ajili ya Superman aliyeinua motokaa katika picha ya jalada. Lakini ndani yake mlikuwamo hadithi nyingine kadhaa, mojawapo ya Zatara, mfanya mazingaombwe, ambaye wamjuao leo ni wachache. Mwaka 1941 jarida hilohilo lilimpokea mhusika mwingine wa kurasa za nyuma, aliyekuwa ameanza katika jarida jingine mwaka uliotangulia. Huyu aliitwa Congo Bill. Alikuwa Mzungu msafiri wa misituni, naye hakuwa na uwezo wowote upitao wa binadamu. (Kongo aliyochorewa, tuseme kweli, haifanani sana na ile ijulikanayo na jirani zake wa upande huu wa Ziwa Tanganyika.)

Kwa karibu miaka 20 Bill aliishi kwa akili na misuli yake tu. Kisha, mwaka 1959, wenye jarida wakaona hayo hayatoshi. Wakamvisha pete aliyopewa na mganga. Kila aisuguapo, nafsi yake huingia katika mwili wa gorila mwenye manyoya ya dhahabu kwa muda wa saa moja, na nafsi ya gorila huingia katika mwili wa Bill, ambao hulazimu kufungiwa mahali usije ukaleta madhara. Tangu hapo akaitwa Congorilla.

Hapa mwalimu wa baiolojia asiharakishe kulifunga jarida. Na awaulize wanafunzi: kumbukumbu za mtu zimekaa wapi? Kama zimo katika mtandao wa chembe za neva, zitahamaje pasipo ubongo wenyewe kuhama? Ubongo wa mtu una ujazo upatao sentimita za ujazo 1,350, na wa gorila karibu 500. Je, kilichojaa katika chombo kikubwa kitamiminwa katika kidogo kisimwagike? Na dhahabu hiyo imetoka wapi, maadamu gorila dume akishakomaa nywele za mgongoni hugeuka rangi ya fedha?

Lenye kustaajabisha zaidi ni kwamba mwaka uleule wa 1959 mtaalamu wa wanyama George Schaller alifika katika milima ya Virunga, mashariki ya Kongo, kuwachunguza gorila wa kweli. Hakuwa na pete. Aliwaendea taratibu, akikaa mahali wanapoweza kumwona, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Alichokiona ni mnyama mpole kwa kiasi kikubwa, mwenye kushinda akila majani, mashina na viwavi vya mlimani, ambaye kujipiga kifua kwake si lazima kuwe mwanzo wa vita. Mwaka uliofuata Jane Goodall alianza kazi kama hiyo kwa sokwe wa Gombe, Kigoma. Kwa hiyo katika majira yaleyale ambayo mchoraji alimwongezea Bill miujiza, watu wawili wasio na miujiza walikuwa wakipata habari za ajabu kuliko zile za mchoraji, nao walizipata kwa kukaa kimya na kuandika.

Shujaa mkuu huvunja kanuni za maumbile kila ukurasa. Wahusika wadogo, yaani mpita njia, dereva, mama wa dirishani, hawana budi kuzitii. Wao wakiangukiwa na ukuta huumia. Fizikia ya hadithi iko kwao. Mwanafunzi asiyewatazama hao atadhani bomu ni kitu cha kudakwa kwa mkono.

Jambo hili si mzaha katika mahali kama Gongo la Mboto. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya hapo yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki, maelfu walizikimbia nyumba zao, wengi wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru, na kiwanja cha ndege kikafungwa kwa muda. Chini ya miaka miwili kabla, tarehe 29 Aprili 2009, Mbagala ilikuwa imepatwa na msiba kama huo. Wanafunzi wa sekondari wa leo walikuwa wachanga au hawajazaliwa. Habari hizo wanazo kwa kusimuliwa na wazazi, na picha za milipuko wanazo kutoka katuni na sinema.

Katika katuni mwanga na mlio hutokea pamoja. Katika maumbile mwanga hutangulia, na sauti hufuata kwa mwendo wa mita zipatazo 340 kwa sekunde. Aliyeona mwako angani kisha akahesabu sekunde 6 kabla ya kusikia kishindo alikuwa umbali wa mita 2,040 hivi. Sekunde hizo zina thamani. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo kilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu walioona mwanga walikimbilia madirishani kutazama, na mgandamizo wa hewa ulipofika, zaidi ya dakika moja baadaye, vioo viliwarukia; waliohitaji matibabu walikaribia 1,500, wengi wao wakiwa wamekatwa na vioo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwaamuru watoto wake 44 waingie chini ya madawati. Wote walisalimika, yeye mwenyewe akakatwa mkono.

Mwalimu huyo, kwa kipimo cha majarida, ni mhusika wa kurasa za nyuma.

Wachoraji tunao. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, na jarida la Sani lililea kizazi kizima cha wapenda katuni. Ombi letu kwao, na kwa vilabu vya sayansi vya shule, ni kurasa nne tu. Ukurasa wa kwanza, usiku: msichana wa kidato cha pili anaona mwako nje. Wa pili: anahesabu kwa sauti huku akiwavuta wadogo zake mbali na dirisha, wakalala kifudifudi. Wa tatu, asubuhi: mvulana jirani, mwokota chuma chakavu, ameona kipande kizito kimejichimbia mchangani, naye anakadiria kilo zake na bei. Wa nne: msichana anamzuia asikiguse, kwa kuwa kombora lililoanguka bila kulipuka bado lina baruti yake yote, wanaweka alama kwa mbali na kumwita mjumbe. Chini ya picha ya mwisho liandikwe swali: msichana alihesabu hadi 9, ghala lilikuwa umbali gani?