Fundi simu naye apewe wanagenzi rasmi

Matangazo ya ajira za kompyuta na mawasiliano yana sharti moja linalowakatisha tamaa vijana wengi: mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili au mitatu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Mbozi au Kilosa, hata awe mwepesi kiasi gani wa kuifufua simu iliyokufa, hana pa kuupata uzoefu huo, kwa kuwa hakuna anayemwajiri bila kuwa nao.

Mzazi wake, ambaye ni mkulima, hufanya analolimudu. Huuza mahindi mapema kabla bei haijapanda, au humtoa ng'ombe zizini, alipe ada ya kozi ya kompyuta ya miezi michache mjini. Kijana hurudi na cheti kinachoeleza kuwa anajua kuchapa barua na kutengeneza jedwali. Ng'ombe ameshakwenda, msimu umepita, na tangazo la kazi bado linadai uzoefu.

Wakati hayo yakitokea, ujuzi wenyewe unafundishwa kila siku vibandani. Ukipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au soko lolote la makao makuu ya wilaya, utamkuta fundi simu akiwa na kijana mmoja au wawili pembeni yake. Kijana huanza kwa kufagia na kutumwa chai. Baadaye hubadilisha vioo na betri, kisha hutengeneza sehemu ya kuchajia, na akishaaminika ndipo anaporuhusiwa kushika mashine ya hewa ya moto na kugusa bodi. Kwa mafundi wa umeme wa jua hali ni hiyo hiyo. Huo ndio uanagenzi, ingawa wenyewe husema tu kwamba kijana "yupo kwa fundi".

Utaratibu huu una kasoro, na si busara kuzifumbia macho. Hakuna mkataba, hivyo kijana anaweza kutumwa chai miaka miwili bila kuonyeshwa jambo la maana. Akiondoka, hana hata karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Fundi naye ana hesabu zake. Bodi ikiungua mikononi mwa mwanafunzi, fundi ndiye anayemlipa mteja. Muda wa kuelekeza ni muda ambao angetengeneza simu nyingine. Isitoshe, kijana akishaiva anaweza kufungua kibanda ng'ambo ya barabara na kuchukua nusu ya wateja. Anayemlaumu fundi kwa kuficha ujuzi ajiulize ni mfanyabiashara gani angetoa mtaji wake bure.

Ujerumani ililiona tatizo hili zamani. Mwaka 1997 nchi hiyo iliingiza fani za kompyuta katika mfumo wake wa uanagenzi, ule ule unaowafundisha waokaji mikate na mafundi wa magari. Mwanagenzi husaini mkataba na kampuni, hulipwa posho, hushinda sehemu kubwa ya wiki kazini na siku moja au mbili chuoni. Baada ya takriban miaka mitatu hufanya mtihani unaotambuliwa nchi nzima. Anapoanza, sheria haimdai uzoefu wowote.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya chuo. Mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya uanagenzi. Hata hivyo, miongozo ya namna hii humfaa zaidi mwajiri mwenye ofisi na karani wa kujaza fomu. Hoteli zilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuujaribu uanagenzi rasmi. Kibanda cha fundi simu hakina karani.

Fedha ipo. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu ya fedha hiyo imfikie fundi aliyefundisha. Alipwe pale mwanagenzi wake anapofaulu kupimwa na VETA, si pale anapoandikishwa. Nchi iliyolazimika kuwasaka watumishi hewa mwaka 2016 haina haja ya kuzalisha wanagenzi hewa.

Mkulima asidhani jambo hili ni la watu wa mjini. Pampu ya umeme wa jua ikigoma mwezi Septemba, vitunguu havisubiri fundi atoke mkoani. Mwenye duka ambaye mashine yake ya risiti imegoma anaijua vizuri hasara ya siku mbili bila mtu wa kuitazama.

Mzazi mwenye kijana nyumbani hana sababu ya kusubiri Serikali. Kabla ya kuuza ng'ombe, amtafute fundi anayeaminika na waandikiane mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa: muda wa kujifunza, kazi zitakazofundishwa na lini, nani atabeba gharama ya kifaa kikiungua, nauli na chakula cha kijana, na atakaa umbali gani na kibanda cha fundi siku akifungua chake. Kijana awe na daftari la kazi alizozifanya, fundi alisaini kila wiki. Baada ya hapo aende VETA kupimwa. Gharama ya yote hayo inaweza kuwa mbuzi wawili badala ya ng'ombe.

Upande wa waajiri, hasa kampuni za simu na wauzaji wa vifaa vya umeme wa jua, waanze na matangazo yao. Pale panapoandikwa "uzoefu wa miaka mitatu" paongezwe maneno machache: "au uthibitisho wa uanagenzi". Halafu mwombaji apewe simu mbovu na bisibisi, aitengeneze mbele yao.