Jina la Msemaji

Wako watu wasemao kwamba neno lisilo na jina la mwenyewe halifai kusikilizwa, na kwamba kila aandikaye katika mtandao alazimishwe na sheria kujitaja kwanza. Hoja hii ina sura ya uadilifu, na kwa sababu hiyo huwavuta hata watu wema. Makala haya yanaipinga. Nasema kwamba jina la msemaji hudaiwa kwa haki baada ya kosa, na mbele ya hakimu. Lidaiwapo kabla ya neno, na kwa watu wote, si haki tena bali ni kitisho.

Si insafu kumpinga mtu bila kuikiri nguvu ya hoja yake. Asiyejulikana hutukana bila haya, huzua, na huivunja heshima ya mtu aliyekaa miaka mingi akiijenga. Ufipa yalijua jambo hili kabla ya simu. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Na katika nchi yetu mnong'ono wa uchawi umekwisha kuwaua wanawake wazee wasiopata nafasi ya kujibu. Basi neno lisilo na mwenyewe laweza kuwa silaha, wala sikatai.

Lakini tutazame vema. Mnong'ono ule huenezwa na majirani ambao kijiji kizima kinawajua kwa majina, kwa koo na kwa mashamba yao. Kujulikana hakukuwazuia. Ubaya hauondoki kwa kutiwa saini. Korea ya Kusini ililijaribu jambo hili kwa sheria: tangu 2007 watumiaji wa tovuti kubwa walitakiwa wathibitishe majina yao ya kweli kabla ya kuandika. Mwaka 2011 wezi wa mtandao waliiba habari za watu wapatao milioni 35 katika tovuti za kampuni moja. Mwezi Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliitangua sheria ile, ikiona kwamba maandishi mabaya hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana, na kwamba uhuru wa kusema ulikuwa umebanwa.

Ikiwa sheria kama hiyo haimzuii mtukanaji, humzuia nani? Jibu tulitafute Mpui, katika njia itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Tuseme mkulima wa mahindi ameona mbolea ya ruzuku ikiuzwa usiku dukani, au ameona mnunuzi akishindilia lumbesa huku mwenye dhamana ya kumkataza akitazama pembeni. Mahali kama hapo mwenye orodha ya mbolea, mwenye mizani na mwenye mhuri huenda wakawa ndugu. Mkulima akiandika jina lake chini ya malalamiko yake, msimu ujao atakuta halimo katika orodha. Hatashtakiwa, wala hatafungwa. Atanyimwa tu, na mvua haitamngoja akate rufani. Mtu wa namna hii akiambiwa ajitaje kwanza, hunyamaza, na mwizi hulala usingizi.

Wala tusidanganyane kwamba dola haina njia ya kumfikia. Tangu Mei 2019 laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mkulima yule akifanya kosa la kweli, kidole chake kimekwisha kujulikana. Kwa hiyo kumtaka aandike jina hadharani hakuiongezei mahakama chochote. Kunamwongezea mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye mhuri anayeishi nyumba ya tatu.

Tena dola yenyewe huijua thamani ya kusitiri jina. Raia hupiga kura ya siri, na hakuna amwitaye mwoga. Mwezi Machi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali iliitisha kura ambayo mwananchi aliandika jina la mtu amshukuye bila kuandika lake mwenyewe. Kumtaja jirani kuwa muuaji ni neno zito kuliko yote. Ikiwa sitara ilimfaa msemaji wa neno hilo, ni kwa hoja gani ananyimwa yule aulizaye tu mbolea imekwenda wapi?

Mwaka 2015 ulituonyesha mgongano huu waziwazi. Mwaka huo nchi ilipata sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mwaka huo huo ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo kifungu chake cha 32 kilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru habari zitolewe kwa ajili ya upelelezi, pasipo kupitia kwa hakimu. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, kwa kuwa hakutoa habari za walioandika katika jukwaa lake. Mwezi Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya shilingi milioni 3 katika mojawapo ya mashtaka hayo. Kati ya kesi hizo zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, zilizowataka watoa huduma wawe na njia ya kumtambua chanzo wa kila andiko. Hivyo mkono mmoja ulimfunika msema kweli, na wa pili ukamfunua.

Wanafunzi wa fasihi wana sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Malenga wetu wengi waliandika magazetini kwa lakabu, na shairi likapimwa kwa vina, mizani na maana yake. Hata kanga haina saini ya mtunzi, na aliyekusudiwa huelewa.

Basi sheria ifanye hivi. Aliyedhurika apeleke shitaka, alitaje andiko lenyewe na aeleze dhara alilopata. Hakimu, wala si mkuu wa kituo, apime kama pana kosa. Akiridhika, aamuru jina litolewe kwa mahakama. Ajuza aliyezuliwa uchawi atapata haki yake kwa njia hii, na mkulima wa Mpui hatapoteza mbolea yake. Anayetaka zaidi ya hayo atuambie ni kosa gani analotaka kulizuia ambalo hakimu hawezi kulifikia. Asipoweza kulitaja, tuna haki ya kudhani kwamba anachokichukia si kosa, bali ni swali.